Mama Anaamia Nyasi

Jirani wa mama ni mtu wa kubipu. Anabipu, unampigia, anakueleza shida yake kwa salio lako, na mwisho anakuambia usikae kimya sana. Kwa hiyo asubuhi ile simu ilipoita mpaka ikakatika yenyewe, kisha ikaita tena, niliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani nikajua kuna jambo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mama yako mzima wa mwili, usishtuke. Anakula, analala. Ila siku hizi anaamia nyasi."

Nilimwomba arudie. Akarudia, tena polepole, kama mtu anayemsomea mwenzake barua ya msiba.

Kwa asiyekulia kwetu Iramba, kuamia ni kulinda nafaka zisiliwe na ndege. Uwele na mtama vikianza kutoa masuke, mtu anapanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, anapiga kelele, anapiga debe, anarusha mawe kwa kombeo toka mapambazuko mpaka jua linapozama. Ni kazi ya kuchosha kuliko kulima, maana jembe ukilitua limetulia, ndege hawatulii. Mimi nimeamia toka nina miaka sita mpaka nilipokwenda sekondari, na sauti hii ya kukwaruza ambayo wateja wangu wanadhani ni ya mafua niliipata huko.

Lakini ulikuwa mwezi wa pili. Uwele ulikuwa bado magotini, hauna suke wala dalili ya suke, na hakuna mwenye akili zake aliyekuwa amepanda dunguni. Tena mama, alisema jirani, haendi shambani kabisa. Anatoka alfajiri, anapita kando ya shamba lake mwenyewe bila kuligeukia, anapanda mpaka ngitili. Ngitili ni yale malisho ya juu ambayo kijiji kimeyafunga, ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi. Hapalimwi kitu kule. Ni nyasi na maua, na katikati pana bonde lenye matete na vichaka vya miiba.

"Anasimama pale peke yake, anapiga kelele hewani," alisema jirani. "Baba watoto amemwona kwa macho yake, alipokuwa anatafuta mbuzi. Ndege hakuna, shamba hakuna. Sasa anamfukuza nani?"

Nilimshukuru, nikakaa. Gauni la mteja lilikuwa bado chini ya sindano, upande mmoja umeshonwa na mwingine unaning'inia, na mimi nikawa nalitazama tu. Bibi yangu, mama yake mama, alimaliza miaka yake ya mwisho akiwa hamjui hata mtoto aliyekuwa anamlisha uji. Sisi wajukuu tulikuwa tunatumwa kumrudisha nyumbani, maana alikuwa anashika njia yoyote na kwenda. Hofu yangu ilikwenda moja kwa moja kwa bibi.

Nikampigia kaka yangu aliyeko Mwanza. Hakuuliza maswali mengi. "Mlete mjini," akasema. "Si una chumba?"

Chumba nilikuwa nacho, na hapa lazima niseme ukweli unaonitia aibu. Tangu baba alipofariki nilikuwa namsumbua mama aje kuishi nami mjini, Utemini. Nilipaka chumba rangi, nikaweka kitanda na chandarua, nikanunua mpaka kiti cha kuogea. Kila mwaka alikuwa na kisingizio chake, mara kuku, mara mizinga ya nyuki ya marehemu, mara kuvuna. Sasa jirani ananiambia mama amechanganyikiwa, mimi nalia, na huku moyoni kuna kitu kidogo kinasema: haya, safari hii hana pa kukimbilia. Nilikichukia kitu kile lakini kilikuwepo.

Kabla sijaondoka nilimweleza habari hizi mteja wangu mmoja ambaye ni muuguzi, mtu mpole aliyezoea wazee. Akanipa mambo mawili ya kushika. La kwanza, nimwulize mama maswali madogo madogo, leo ni siku gani, rais ni nani, ili nijue kichwa kimefika wapi. La pili, nisibishane naye. "Akikuambia anaona kitu, mkubalie," alisema. "Ukimbishia unamtisha bure." Niliyashika yote mawili kama dawa, asubuhi moja na jioni moja.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama alikuwa uani anabangua karanga, miguu ameinyoosha, kanga ya kiunoni imejaa maganda. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Nimekuja kukusalimia."

"Siku ya kazi?" Akarudi kwenye karanga zake. "Haya, karibu. Kaa ubangue, mikono ya mjini nayo ni mikono."

Alikuwa amepungua. Mifupa ya mabega ilionekana kupitia blauzi, na macho yalikuwa na wekundu wa mtu asiyelala vizuri. Nilimwangalia kila alichofanya, kama polisi. Alipopika mlenda akatia chumvi, akaenda kuchochea moto, akarudi akatia tena. Alipotaka nimpe mwiko akaniita kwa jina la dada yake, kisha akatikisa kichwa akaniita vizuri. Mambo hayo nayafanya mimi mwenyewe kila siku, lakini jioni ile kila moja lilinichoma.

Tulipomaliza kula ugali, chumvi ya mlenda ikiwa bado inaniwasha ulimi, nikajikaza nikaanza.

"Mama, hivi leo ni siku gani?"

"Leo ni siku uliyokuja kunipeleleza."

"Nauliza tu jamani. Na rais wetu ni nani?"

"Ninyi watu wa mjini hamjui rais?" Akaanza kukusanya vyombo. "Kesho nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ana picha yake ofisini. Atakuonyesha."

Angejua muuguzi yule! Sikuweza kujua kama amefaulu au amefeli. Nilicheka peke yangu gizani, kisha kicheko kikaisha nikalala vibaya.

Alfajiri nilisikia komeo la mlango. Nikahesabu hatua zake mpaka zikaisha, nikajifunga kanga mbili kwa baridi, maana juu kule kwetu baridi ya alfajiri haijali kwamba ni msimu wa mvua, nikamfuata kwa mbali. Alipita kando ya shamba lake la uwele kama jirani alivyosema. Hakuligeukia. Mkononi alikuwa na kombeo.

Sikuwa nimekanyaga ngitili msimu wa mvua kwa miaka mingi. Nikienda nyumbani ni sikukuu au msiba, na sikukuu na misiba haimpeleki mtu kwenye nyasi. Niliwahi kuona kwenye televisheni ile hifadhi ya maua ya nyanda za juu kusini, watalii wamepiga magoti kupiga picha ua moja dogo, nikawaita wanangu waje waone watu walivyo na muda. Sasa nilikuwa natembea katikati ya vitu vilevile, nyasi zikinifika kiunoni na umande ukinilowesha mpaka mapajani. Kulikuwa na maua ya njano yaliyofumba bado yakisubiri jua. Kulikuwa na ya buluu, madogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga, yaliyojificha chini kabisa kwenye shina la nyasi. Pale udongo ulipokuwa mtupu yalichomoza yale mekundu ya duara ambayo hutoka ardhini yakiwa hayana hata jani. Mama ana majina yao yote kwa Kinyiramba, tena majina ya kazi: hili nyuki wanalipenda, hili likiliwa na ng'ombe maziwa yanakuwa machungu, hili likichanua usipande tena karanga, umechelewa. Utotoni aliniambia yote na mimi nikayaacha yote hukohuko.

Ndege weusi wenye mikia mirefu walikuwa wanaruka juu ya nyasi na kushuka, wanaruka na kushuka, wakijionyesha kwa majike waliojificha. Kwale wakanitoka miguuni kwa kishindo nikakaribia kupiga kelele. Upande wa bonde, korongo wawili wenye taji kichwani walikuwa wanatembea taratibu na kifaranga chao, wakiinama na kuinuka. Nilisahau kwa dakika nzima kilichonipeleka.

Kisha nikasikia sauti ya mama.

Alikuwa amepanda juu ya kichuguu, mita kama mia mbili kutoka niliposimama. Alipiga ile kelele ya kuamia, ndefu, yenye kupanda mwishoni, na kombeo likazunguka na jiwe likaenda. Akapiga tena. Akashuka, akakimbia, mama yangu wa miaka sabini na kitu akakimbia kwenye nyasi huku akipunga kanga, akasimama, akapiga tena kelele. Nilitazama anga lote. Lilikuwa jeupe na tupu, hakuna hata mbayuwayu.

Nililia pale nilipokuwa nimesimama, kwa sauti, kama mtoto. Kila nilichokuwa nimejidanganya nacho usiku kilikwisha. Bibi alikuwa amerudi, tena kwa njia ileile.

Nilipofuta uso nikamfikia. Hakushangaa kuniona. Alikuwa anahema, uso unang'aa kwa jasho, na alikuwa anatazama upande wa bonde. Akanyoosha kidole.

"Unawaona wale, juu ya matete?"

Nikatazama. Juu ya matete hapakuwa na kitu. Nikamkumbuka muuguzi.

"Ninawaona, mama," nikasema. "Wengi kweli."

Mama alishusha mkono. Akanigeukia akanitazama usoni, muda mrefu mpaka nikaona haya bila kujua haya ya nini.

"Haya," akasema. Akalikunja kombeo akalifutika kiunoni. "Twende nyumbani."

Njiani nilipomwambia, kwa sauti ile ya upole ambayo mtu hutumia kumbembeleza mgonjwa, kwamba nimekuja kumchukua tukakae wote mjini, kwamba chumba kipo na wajukuu wanamwulizia, nilijiandaa kwa vita. Mizinga, kuku, kuvuna. Hakuna. "Nitakwenda," akasema. "Lini?"

"Hata kesho, mama. Naweza kutafuta gari."

"Tafuta."

Nikampigia dereva mmoja wa pale kijijini mwenye gari la kukodi, tukakubaliana atakuja saa sita mchana kesho yake. Nikampigia kaka, akasema Mungu mkubwa. Nilipaswa kushusha pumzi. Badala yake nilishinda siku nzima nikizungukazunguka ua, nikiokota hiki na kuweka kile, na mama amekaa mlangoni akiwatazama kuku. Wakati wa kulala akaniomba jambo moja tu. Alitaka kwenda ngitili asubuhi mara ya mwisho. Nikasema tutakwenda wote. Ningemnyimaje?

Siku ya pili tulitembea pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Hakuchukua kombeo. Tulipofika kwenye kichuguu hakupanda, alikaa chini kwenye ubavu wake, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Jua lilikuwa halijatoka. Mimi nilisimama nikiwa na mawazo ya magodoro, nani atachukua kuku, mizinga nimwachie nani.

Sauti niliisikia kabla ya kitu chochote. Ni sauti ninayoijua kuliko sauti za wanangu, kwa kuwa niliijua kabla yao: mvumo wa mabawa madogo mengi sana kwa pamoja, kama mvua inayokuja juu ya mabati ya jirani. Nikageuka. Kutoka mashariki, chini kabisa, karibu liguse nyasi, lilikuwa linakuja kundi. Likajikunja, likajinyoosha, likapanda likashuka tena, likaelekea bondeni kwenye miiba na matete.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Kelele ilinitoka tumboni, ile ndefu yenye kupanda mwishoni, nikafungua kanga ya juu nikaipunga, nikakimbia. Miaka thelathini ya kukaa kwenye cherehani, na miguu ilijua pa kukanyaga. "Kweleakwelea!" nilikuwa napiga kelele. "Mama, kweleakwelea! Toka! Tokaaa!" Niliokota donge la udongo nikalirusha, nikaokota lingine. Kundi likasita juu ya matete, likazunguka mara moja, likazunguka mara ya pili, mimi nikiwa chini yake napunga na kupayuka kama kichaa, likapasuka vipande viwili, likaungana tena na kwenda zake kaskazini. Dakika moja, haikuzidi. Anga likarudi jeupe na tupu, kama lilivyokuwa jana yake.

Nilisimama nikihema, sandali moja imebaki matopeni. Nikageuka kumtafuta mama.

Alikuwa amesimama. Mikono yote miwili ameiweka mdomoni.

"Umewaona," akasema.

"Nimewaona."

"Umewaona wewe. Sikukuambia kitu."

"Mama, nimewaona. Kundi zima, limepita hapa."

Akakaa chini palepale, kwenye nyasi zenye umande, akalia. Mama yangu halii. Kwenye msiba wa baba alipika. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mabega yale yaliyopungua, na yeye akawa analia na kucheka kwa pamoja, akijifuta kwa ncha ya kanga, akisema Kinyiramba kwa haraka mpaka nikawa napata nusu tu. Lakini nusu ile ilitosha.

Alipotulia akanieleza. Miaka ya nyuma kweleakwelea waliwahi kulala kwenye matete yale. Wakija hivyo hawaji kutembea, wanakuja kuzaa, na wakishazaa wanashuka mashambani maelfu kwa maelfu. Mwaka ule wataalamu waliitwa, ikaja ndege ya kumwaga dawa jioni, na uwele wa kijiji kizima ukapona. "Nilishukuru," alisema mama. "Uwele ule nilikula, sitasema vibaya." Lakini asubuhi yake alikwenda kukagua mizinga ya baba akakuta nyuki wamerundikana chini, unawazoa kwa mkono. Kwenye nyasi alikuta mwewe, bundi, na korongo mmoja mwenye taji aliyekuwa bado anajaribu kusimama. Korongo yule ndiye aliyemtia uchungu. Alikaa naye mpaka akafa.

"Kwelea huwa wanatuma wenzao kwanza," alisema. "Kundi dogo, wanakuja alfajiri kuangalia mahali. Wakisumbuliwa siku mbili tatu wanatafuta kwingine. Wakiachwa, wanaitana. Mwaka huu nikawaona. Nikasema niwaamie kabla hawajalala hata siku moja, ile ndege ya dawa isiitwe tena."

"Sasa kwa nini hukumwambia mtu, mama? Kijiji kizima kinasema..."

"Najua kinachosema."

Aling'oa jani la nyasi akalipasua katikati kwa ukucha.

"Siku ya kwanza nilikwenda kumwita baba watoto wa jirani aje aone. Alipofika walikuwa wamekwisha kupita. Akanitazama kama ulivyonitazama wewe. Siku nyingine alikuja mwenyewe, akanikuta napiga kelele, nao wamejificha nyuma ya mlima. Nikaanza kujiuliza. Unajua bibi yako alianza na nini?"

Sikujua. Nilikuwa mdogo.

"Alianza na ndege. Alikuwa anakaa uani anasema wanakula mtama wake, tuwafukuze. Mtama tulikuwa tumeshavuna, uko ghalani. Tukawa tunafukuza kumridhisha, shuu, shuu, uani hakuna kitu. Mimi ndiye niliyekuwa namjibu, ninawaona mama, wameondoka mama." Akalitupa lile jani. "Kwa hiyo mimi hapa, kila asubuhi nikirudi kutoka huku, nakaa kitandani najiuliza: nimeona, au nimeanza? Usiku silali. Nasema kesho nitatazama vizuri zaidi. Na nikitazama nawaona, lakini bibi yako naye aliwaona."

Ndipo nilipoelewa wekundu wa macho, na chumvi iliyotiwa mara mbili. Nikaelewa pia kwamba alikuwa anangoja mtu mwenye macho ambaye angemwamini, na mtu huyo alipofika alifika na maswali ya rais.

"Jana juu ya matete hapakuwa na kitu," nikasema.

"Hapakuwa na kitu. Wanapita chini chini, ukitazama angani huwaoni; uliponifikia walikuwa wamekwisha kwenda, hata mimi nilijua. Nilitaka kusikia utasema nini."

"Muuguzi aliniambia..."

"Ukasema wengi kweli." Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikasema basi. Mwanangu amekwisha kunihesabu huko. Na macho yake hayanifai tena, kwa sababu lolote nitakalomwonyesha atasema ameliona. Nikaenda nyumbani nikafunga nguo zangu."

Niliomba msamaha. Niliomba vibaya, maneno yakipandana, nikimtaja muuguzi na jirani na kaka kama mtoto anayetaja wenzake waliovunja chungu. Mama aliniacha nimalize. Jua lilikuwa limetoka na yale maua ya njano yalikuwa yanafumbuka pande zote, na upande wa bonde wale korongo walikuwa wamerudi na kifaranga chao, wakiinama na kuinuka kama vile hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa mwepesi mwili mzima. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuona kweleakwelea, nami ni mtoto wa watu waliowalaani ndege wale vizazi na vizazi. Ningeweza kumbusu kila mmoja.

Tuliporudi nyumbani nilimpigia dereva nikamwambia safari haipo. Nikampigia kaka, nikamweleza yote, akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo mama mzima?" Nikasema mzima kuliko sisi. Nikasikia anapenga kamasi. Jirani naye nilimwendea, na jioni ile mume wake alikuja mwenyewe, kofia mkononi, kumwambia mama kwamba kesho atakuwa upande wa mashariki na debe lake, kama shikamoo yake itapokelewa. Mama akaipokea, lakini alimsubirisha kidogo kwanza.

Kabla ya kulala nilimkuta chumbani anafungua lile furushi alilolifunga jana. Nilidhani ni nguo za safari. Zilikuwa kanga mbili, blauzi ya kanisani, picha ya baba, na shuka jeupe jipya lililokunjwa vizuri, ambalo sihitaji kueleza ni la nini. Alikuwa amefunga vitu vya mtu asiyetarajia kurudi. Alinipa kimoja kimoja nikawa narudisha kwenye sanduku. Picha ya baba aliitundika mwenyewe.

"Mama, ulikuwa tayari kweli kwenda?"

"Ningefanya nini? Kama nimeanza, ni afadhali niwe karibu nawe." Akakaa kitandani. "Sikiliza. Leo nimeona sawasawa. Mwakani sijui. Bibi yako naye alikuwa mzima, mpaka siku moja." Akanishika mkono, kwa nguvu kuliko nilivyotegemea. "Siku nitakayokuonyesha ndege wasiokuwepo, uniambie hawapo. Usiniambie unawaona. Hata nikilia. Hata nikikutukana. Mimi mama yangu nilimdanganya mpaka akaingia kaburini, akawa hana wa kumwuliza. Wewe usinifanyie hivyo."

Nilitikisa kichwa kukubali, lakini alitaka kusikia.

"Nitakuambia, mama. Nitakuambia hawapo."

Akaniachia mkono. "Haya. Zima taa," akasema, akajilaza akavuta shuka. "Na kesho uamke kabla yangu. Leo ulikimbia vizuri, lakini ulikwenda upande mbaya. Wewe utasimama kwenye matete."